Vuli Ndani ya Boksi

Boksi lilifika Al-Khod Jumapili asubuhi,
juu limeandikwa *Septemba* kwa kalamu nene.
Kipimajoto cha gari langu kilisoma arubaini na moja.
Nikalipasua kwa ufunguo wa nyumba:
majani ya kitambaa, mia na ishirini,
mekundu, ya machungwa, ya rangi ya kutu,
kindi wawili wa plastiki, boga la sponji,
na karatasi ya maelekezo kwa mwalimu:
*Watoe nje, waokote majani yaliyoanguka.
Waulize, wanahisi nini hewani?*

Nikawatoa. Dakika nne, kofia vichwani.
Tuliokota kifuniko cha chupa, unyoya wa njiwa,
kokwa tatu za tende, risiti ya petroli.
"Mnahisi nini hewani?"
Muhannad akafikiri, kisha akajibu:
"Kiyoyozi kimebaki ndani."

Tukarudi ndani.
Tukahesabu, tukapanga makubwa na madogo.
Kindi wakaitwa paka, mmoja akalazwa chini ya mto.
Shinuna alilinusa boga, akaligeuza,
akauliza tui lake liko wapi.

Mimi nimezaliwa hapa, kwa mama aliyezaliwa Wete,
na neno lenyewe lilininyima usingizi tangu juzi.
Vuli, inasema kamusi.
Lakini vuli ya mama ni mabati yanayopigwa usiku,
ni ndoo chini ya mchirizi,
ni kukimbilia kupanda kabla udongo haujakauka tena.
Katika vuli ya mama hakianguki kitu ila maji.
Basi darasani nikasema *kharifu*, kwa Kiarabu,
nikadhani nimefika.

Musallam, aliyehamia kutoka Salala mwezi wa nane,
alichovya brashi kwenye kijani
akapaka jani zima, na kikonyo, na ukingo wa meza.
"Sivyo," akasema Lujaina. "Tazama la mwalimu. Jekundu."
"Kharifu ni kijani," akasema Musallam.
"Kuna ukungu. Ng'ombe wanalowa.
Bibi akifungua mdomo anakunywa wingu."

Wakanigeukia wote kumi na saba,
brashi zikidondosha rangi kwenye viatu,
wakisubiri hukumu.

Nikalitundika la kijani katikati ya mekundu.
Jumanne mkaguzi alipita, akasimama ukutani.
"Hili limekosewa?"
"Hilo," nikamwambia,
"ndilo pekee ambalo mchoraji wake amewahi kuliona."
Akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Boksi likafungwa, likarudi stoo.

Kisha mwezi wa pili niliwahi kufika, basi bado,
nikamkuta Rafiqul na ufagio chini ya ule mti wa mkungu getini,
na mbele yake rundo:
majani mapana kama sahani,
mekundu ya damu ya mzee, mengine ya zambarau,
yanalia kama karatasi ya zawadi.
Miaka mitano napita pale.
Kumbe kila alfajiri yanaanguka,
na kila alfajiri yeye anayamaliza
ili sisi tukute uwanja safi.

Nikamwomba kesho asifagie.
Akashika ufagio kwa mikono miwili,
akauliza kama kuna aliyemshtaki.

Kesho yake tulikaa nje dakika arubaini,
hakuna aliyetaka kofia.
Lujaina alivaa jani usoni, likamfunika lote,
akatuuliza yuko wapi.
Muhannad alikanyaga moja moja, akisikiliza.
Shinuna alipata kungu, akataka jiwe la kulipasulia,
kama alivyofundishwa na mama yake,
kama mama yangu alivyonifundisha mimi.
Na Musallam aliniletea lake:
nusu jekundu, nusu bado kijani.
"Hili," akasema, "halijaamua."

Nikaliweka mfukoni. Liko bado, vipande vipande.
Mada ya wiki ile, ukutani, kwa herufi za maua,
ilikuwa Machipuko.