Sahani Mbili za Kunong'onea

Siku nne mama hakumsemesha baba.
Neno lilitoka jikoni likiwa limeelekezwa kwangu:
"Kiiza, mwambie baba yako chumvi imekwisha."
Nami nikageuka: "Baba, chumvi imekwisha,"
ingawa baina yao palikuwa na hatua tatu na paka.
"Mwambie mama yako nimesikia."
Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa waya.

Kisa kilikuwa cherehani.
Baba aliiweka rehani Iganga kwa deni la baba mdogo,
na pale dirishani ilipokuwa ikikaa
sakafu ilibaki na alama nne za miguu ya chuma.

Lakini safari ilikuwa imeahidiwa tangu mapacha wafaulu mtihani,
na ahadi kwa mtoto haiwekwi rehani.
Jumamosi tukapanda pikapu ya kubebea miwa,
baba kwenye usukani, mama nyuma pamoja nasi,
kapu la viazi vitamu mapajani,
kitambaa amekifunga kidevuni dhidi ya upepo wa Bugembe.

Jinja. Ghala la zamani la pamba, karibu na reli.
Wamelipaka buluu, wakaandika mlangoni:
TAFADHALI GUSA.
Waiswa alisoma mara mbili.
Sisi tuliolelewa kwa "usiguse"!
Mikono yetu ilikaa mifukoni kwanza
kama wageni wanaongoja kuambiwa karibuni, kaeni.

Kisha tukagusa.
Tulizungusha dainamo mpaka balbu ikakohoa mwanga.
Waiswa, mwembamba kama bua la mtama,
alivuta kamba ya kapi akamnyanyua baba mzima, viatu na vyote,
na baba akaning'inia hewani akicheka,
akageuka kumtafuta mama aone,
akakumbuka,
akaomba kuteremshwa.

Binti wa pale aliitwa Nangobi,
koti jeupe limemzidi mikono.
"Mpira huu wa umeme husimamisha nywele," alisema,
akatutazama: vichwa vitatu vilivyonyolewa jana kwa wembe.
Akatupeleka kwingine.

Mwisho wa ghala, huku na huku,
sahani mbili za bati, kila moja ndefu kuliko mlango,
zinatazamana hatua hamsini.
"Mmoja huku, mmoja kule. Nong'oneni mkiielekea sahani.
Nataka watu wazima wawili,"
akasema, maskini, asijue lolote.

Mama alikwenda kwa kuwa mwenyeji ameomba.
Akatupa mgongo.
Baba naye kule, uso kwenye bati, kofia mkononi,
kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa kituo.
Mimi nilisimama katikati, tayari kupokea na kupeleka.

Hakuna kilichonifikia.
Niliona shingo ya baba ikisogea.
Niliona mabega ya mama yakishuka,
kisha mkono wake ukapanda polepole
ukagusa bati, pale sauti ilipotua.
Maneno yalinipita juu ya kichwa kama popo,
waya mzima, nimesimama, sina kazi.

Sikuuliza. Mpaka leo sijui.
Najua tu kwamba wakati wa kurudi mama alikaa mbele,
na kapu tukaachiwa sisi.

Usiku Tenywa akatoa mfukoni sumaku ya watu.
Aliiburuta sakafuni, juu ya zile alama nne,
na nyufa zikaanza kutema:
sindano, pini, nusu ya sindano,
pini mbili zilizoota kutu, ndevu za vumbi.
Mama alisimama juu yake, mkono kiunoni.
"Jumatatu utairudisha mwenyewe. Kwa mguu."
"Ndiyo, mama."

Akachuchumaa. Akamtazama baba, si mimi.
"Isabirye, lete taa."
Kisha, kwa Tenywa:
"Hebu pitisha na pale, chini ya kabati."