Mlango wa Vumbi

Wasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Wangu hukata kwenda chini tu,
lakini vumbi lake hukata kila upande:
limeingia kwenye chumvi, kwenye Biblia ya mama,
limeketi kwenye kamba ya nguo ya Kerubo
hadi sare za wanawe zikawa rangi ya chapati.
Alikuja mlangoni na shati moja, hakusema neno.
Alilikung'uta mbele yangu, akaenda zake.

Nami nina Awinja, miaka saba,
ambaye kifua chake hupiga filimbi usiku
kama birika lililosahauliwa.

Basi Jumamosi nikashuka Gikomba:
plaiwudi mbili, unene robo tatu ya inchi
(moja imepinda; muuzaji aliapa kwa kaburi la nyanyake kwamba haijapinda),
mabomba ya maji taka, mapya, ya inchi nne,
na pipa la buluu lililowahi kubeba mafuta ya kupikia.
Mwenye mkokoteni alidai mia nne.
Nikampa mia tatu na hadithi.

Ua wangu hapa Jericho ni futi tisa kwa sita.
Hapo pikipiki ya shemeji, hapo tangi la maji, hapo mimi.
Kabati sharti liwe na magurudumu,
lisogee Jumapili kuwapisha akina mama wa chama.

Nilianza na kiunzi. Pimamaji iliniambia ukweli
ambao sakafu imenificha miaka kumi na mitatu:
nyumba nzima inainama kuelekea Barabara ya Jogoo.

Mabawa mawili, kulia na kushoto,
yalingane na meza ya msumeno,
yasipishane hata unene wa ukucha,
maana ubao mrefu ni shahidi mahakamani:
usipomshikilia pande zote mbili
atapinda.

Nyuma ya msumeno nikajenga kibanda,
kuta tatu, paa la mteremko, tundu sakafuni,
kwa kuwa vumbi haliondoki kwa kufukuzwa.
Sharti lionyeshwe njia.
Tundu kwa bomba, bomba kwa pipa;
ndani ya pipa upepo unazunguka
kama mtu aliyepoteza funguo,
kilicho kizito kinaanguka chini,
na pumzi nyepesi inaendelea hadi kwenye mashine ya kufyonza.

Wacha niseme nilipokosea.
Droo ya kushoto: nilisahau unene wa reli.
Ikagoma. Nikairanda, nikaitukana, nikairanda tena.
Mpaka leo naifunga kwa goti.

Siku ya kujaribu, stima ikapotea saa nane.
Tukakaa juu ya kabati, mimi na Awinja,
tukigawana hindi la kuchoma, tukingoja.
Akauliza, pipa likijaa, vumbi litaenda wapi?
Nikasema, litalaliwa na kuku wa Nyabonyi.
Akafikiri. Akaona ni haki.

Stima ikarudi magharibi. Nikawasha kifyonzi, kikanguruma,
nikashusha meno juu ya kipande cha mkangazi,
nyuzi arobaini na tano.
Na nikaona, nasema niliona,
wingu jekundu likisita hewani,
likageuka, likaingia tunduni
kama ng'ombe wanaolijua zizi lao.
Nyuma yake ikafuata karatasi yangu ya vipimo,
kisha risiti ya plaiwudi.

Sikuzima.

Asubuhi nilipitisha kidole kwenye rafu ya Biblia.
Kidole kikarudi kama kilivyokwenda.
Kerubo alikuwa akianika mashuka, meupe.
Alinitazama, akalitazama bomba,
akaongeza kibanio kimoja. Basi.

Ila siku nyingine, Awinja akiwa shuleni,
nafungua kifuniko cha pipa, nainama,
navuta harufu ya mkangazi, kidogo tu,
kama mtu aliyeacha sigara
anayeishika pakiti ya mwenzake.
Kisha nafunika.