Tupu si Sifuri

Jumatatu usiku mfumo ulilala,
Jumanne ukaamka na sura nyingine.
Vitufe vimehama kama wapangaji wa Isevya:
"Sahihisha" kimekwenda kushoto,
"Wastani" kimejificha nyuma ya vidoti vitatu,
na pale nilipozoea kuandika *hapa umenena, ongeza mfano*
pana ngazi nne zilizoandikwa tayari.
Kazi yangu ni kubonyeza.

Nikabonyeza.
Kalamu nyekundu nimempa Kalunde wangu,
anachorea paa za nyumba.

Kozi yetu ni ya nyuki.
Wanafunzi mia moja na wanne,
Urambo, Kaliua, Uyui, mpaka huko nyuma ya Ipole
ambako simu hushika mtandao juu ya kichuguu kimoja tu
na watu hupanga foleni kukipanda.

Kitu kipya cha kwanza ni kufuli.
Mada ya tano haifunguki kabla hujafaulu ya nne.
Sina ugomvi; ngazi hupandwa kidato kwa kidato.
Ila mwaka huu miyombo ilichanua mapema
na nyuki hawakuuliza tumefika mada ya ngapi.

Cha pili: majina yamefichwa.
Nasahihisha Mshiriki 17, Mshiriki 62,
nisije nikampendelea mtu.
Haya.
Lakini nani mwingine huandika
"moshi wako usiwe na hasira"?
Nani huwasilisha saa tisa usiku na dakika tano,
bando la usiku likiwa bado lina pumzi,
na picha ya mzinga ambayo nusu yake ni kidole?
Nyamizi binti Kasanda,
hata wakikuita namba nakujua.

Cha tatu ndicho kilichonikalisha.
Kimstari chembamba, chini kabisa ya mipangilio:
*Hesabu nafasi tupu kuwa sifuri.*
Na kisanduku pembeni yake
kimekwisha kutiwa vema
na mtu ambaye hajawahi kufika Sikonge.

Nikafuata safu ya 62 kwa ncha ya kidole:
sabini na nane,
themanini na moja,
sabini na nne,
nyeupe,
nyeupe,
nyeupe.
Wastani: thelathini na nane nukta nane.
Rangi nyekundu. Hajafaulu.

Wiki tatu hizo nyeupe alikuwa porini.
Najua, maana alinipigia kutoka kichuguuni,
upepo ukimla nusu ya maneno:
"Mwalimu, masega yamejaa. Nikichelewa, nyegere atawahi.
Hiyo mada ya nne inahusu nini?"
Nikamwambia: kurina asali.
Alicheka mpaka salio likakatika.

Sifuri naifahamu, nimeigawa miaka kumi na mitano.
Sifuri ni mtu ameulizwa, akajibu,
na jibu likamkana.
Tupu ni jambo jingine.
Tupu ni mzinga uliotundikwa jana kwenye mtundu:
hauna nyuki, hauna sega, hauna hata harufu ya nta,
na hakuna mrina asali, hata mlevi,
atakayesimama chini yake aseme umeshindwa.

Nikaiondoa ile vema.

Orodha nzima ikatikisika.
62 akapanda, sabini na saba na ushei.
9 akapanda, yule aliyejifungua mwezi wa tatu.
Na 40 naye akapanda, loo,
40 aliyefanya jaribio moja la maswali matano,
akapata tisini, akalala usingizi wa pono;
sasa anaongoza darasa.

Nikaitazama ile vema tena.
Nikawaza kuirudisha kwa ajili yake mmoja.
Nikawaza kile kichuguu, na ile foleni.

Hapana. 40 nitampigia simu mwenyewe, kesho,
nimuulize nyuki wana miguu mingapi.

Taa ikapepesa mara mbili, kama kawaida ya Cheyo
kabla haijakatika.
Nikatafuta haraka pa kuhifadhi.

Napo pamehama.