Mbele Wazi

Jozi tatu mezani, na baridi ya Juni
imegandisha maji ya Ukoka ndooni.
Hizi za plastiki ni nyepesi,
ila zikiingia mchanga zinamchuna kama msasa.
Hizi zina manyoya ya kondoo ndani:
mvua moja ya Mufindi
na farasi anabeba kisima mguuni.

Ndimyake, mwenye zamu ya zizi, anasema:
mzungushie pande zote, mama,
aruke kama kavaa godoro.

Napapasa kano nyuma ya muundi,
nyembamba, imekaza kama kamba ya kuanikia.
Hapa ndipo kwato yake mwenyewe
humpiga akitua.

Nachukua za ngozi, kazi ya Chengula wa Mafinga:
gamba nyuma, mikanda miwili,
mbele wazi.

“Na boriti ikimgonga?”

Imgonge. Kidogo.
Mguu usioisikia boriti
haujifunzi kujikunja.

Mimi nilikwenda shule pekupeku juu ya sakitu.
Sisifii.
Nasema tu, chini ya mkanda
acha nafasi ya kidole kimoja.

Kesho, ukungu ukiondoka kwenye chai,
tutajua nimekosea wapi.