Nafasi ya Sitini na Nne

Betri yenyewe ndogo kama kifungo cha koti.
Imelala ndani ya kinanda miaka kumi na tisa,
kazi yake kukumbuka tu.
Kassu wa Barabara ya Nane ameipima mara mbili,
akanionyesha mshale unavyolegea:
"Hii haifiki Idi. Na nikiitoa, kinasahau kila kitu.
Hifadhi kwanza."

Hifadhi. Kasema kama mtu anayeagiza chai.

Mlango wa diski umeliwa na chumvi;
Tanga hii kutu haipigi hodi.
Nimeingiza diski saba, zote zimerudi na neno moja: haisomeki.
Ya nane haikurudi kabisa.

Basi nikanunua daftari la shule,
lenye jedwali la kuzidisha mgongoni,
nikakaa sakafuni, Makorora, feni ikinifunulia kurasa kabla ya wakati,
nikaanza kuandika sauti.

Ndiyo, sauti huandikika.
Nafasi ya kwanza, FIDLA: kuanza 12, kufifia 40, mtetemo 7.
Nafasi ya tisa, UDI KAVU: mwangwi hakuna.
Ya ishirini, SAUMU: kuanza 55,
polepole, kama mwenyewe akiitwa.
Ya ishirini na moja, SAUMU 2.
Ya ishirini na mbili, SAUMU BASI.
Mashine inakubali herufi kumi tu, na pengo linahesabiwa.

Mhina Shekalaghe alinifundisha nyimbo, haya hakunifundisha.
Haya aliyafanya usiku, akitoka harusini,
majirani wakisikia vidole peke yake,
tak, tak, plastiki tupu,
kama mtu anayechagua mchele gizani.
Tazama nota ya tatu: ameishusha hamsini.
Kiwandani hawakuijua nota hiyo.
Aliitafuta kati ya nyeusi na nyeupe,
pale pasipo na pa kuweka kidole.

Mimi yangu niliipata Chumbageni, kwenye mkesha wa harusi,
sauti ya zumari lenye mafua, tamu ajabu.
Nikasema nitaihifadhi tukimaliza kula.
Umeme ukakatika kabla ya pilau.
Mhina hakunigombeza. Alimulika kwa tochi
ile plasta aliyobandika ubavuni mwa kinanda:

*Mwenye kugusa kinanda, mikono kwanza unawe,
ukipata cha kupenda, hifadhi, usichelewe.*

Nafasi ya mwisho, ya sitini na nne, inaitwa USIFUTE.
Nikabonyeza. Kimya.
Nikabonyeza vyote, kutoka chini hadi juu. Kimya.
Kuanza 0, kufifia 0, ukubwa wa sauti 0.
"Haina kitu, ruka," akasema Kassu.
Sikuruka. Nikaandika sifuri thelathini na mbili,
moja moja, mkono ukiona haya.

Jioni nikampelekea Bi Saumu daftari.
Ya ishirini na mbili aliipita kama hakuiona.
Kwenye sifuri akacheka hadi akashika mlango.
"Kifundo cha sauti kilikuwa kibovu,
ukikishusha kinapanda chenyewe.
Na Zaina mdogo, halali.
Ndiyo akatengeneza hiyo.
Alikuwa akiipiga mpaka alfajiri,
namwona mabega tu yanavyocheza."

Leo Kassu ameitoa betri kwa ncha ya bisibisi.
Kioo kikazima, kikawaka,
kikanisalimu kama mgeni aliyekosea nyumba.

Nimeanza na sitini na nne, ndiyo rahisi.
Sifuri, sifuri. Kisha jina, herufi kwa herufi.
*Una hakika?* Ndiyo.

Kisha nikarudi mwanzo, kwenye FIDLA,
nikakuta jasho limeingia kwenye wino:
kuanza 12, au 17?
Nimejaribu kumi na mbili. Nimejaribu kumi na saba.
Nimehifadhi kumi na nne.