Ukurasa wa Kumi na Tisa

Leo chuo kimetimiza miaka mia moja na hamsini,
na mimi ndiye niliyefungua lango saa kumi na moja alfajiri,
mvua ikinyesha, ile nyembamba ya kwetu,
ikuloweshayo umekwisha sahau kwamba inanyesha.

Funguo mia mbili na sita. Nazijua kwa uzito.
Wa kanisa ni baridi hata Julai.
Wa maktaba una jino lililovunjika,
sharti uubembeleze kama mtoto aliyekataa uji.
Na upo mmoja wa shaba, mdogo kama ukucha,
wa sanduku la kioo ukumbini.

Humo wameweka daftari la kwanza,
wakalifunua ukurasa wa kwanza:
Lodi wa Plas Hirwen, ekari kumi na nne,
sahihi imejipinda kama mkia wa farasi.
Picha yake inaitazama meza kuu,
mbwa miguuni, mkono kiunoni,
na chini yake samoni, divai,
keki yenye umbo la mnara.

Lakini ekari si chuo. Ekari ni nyasi.
Kuta zilishuka kutoka machimboni kule juu,
kwenye jiwe la kijivu linalochanika kurasa kurasa
ukiligonga linavyotaka,
na linalomchana mtu
akikosea.
Elis Prydderch, babu wa babu yangu, alikosea mara moja.
Chanda chema huvikwa pete, husema wenye vyanda.
Yeye alibakiwa na saba,
na kwa hivyo saba alihesabu peni mbili kila Jumamosi ya mshahara,
akazitia katika kofia iliyokuwa ikizunguka.
Haba na haba, ndiyo,
ila kibaba kilikuwa kofia yenye jasho,
na waliokijaza hawakujua kusoma.

Jana usiku, katika zamu yangu,
sikuiba kitu. Niligeuza kurasa tu,
mpaka ya kumi na tisa. Wino umekuwa rangi ya chai.
Elis Prydderch, peni mbili.
Guto wa Darajani, peni mbili.
Mjane Lowri Puw, peni moja na mayai sita,
moja limepasuka (karani aliandika hata hilo).
Watoto wa Ty Croes, wanne, peni moja.
Asiyetaja jina, mlevi, peni tatu.

Asubuhi Mkuu wa Chuo akawaongoza wageni,
joho jekundu, mkufu, hotuba mkononi,
akanyoosha kidole bila kutazama:
“Na hapa, mabibi na mabwana, jina lililotuzaa…”
Akatazama.
Tukasikia mvua ikitambaa paani,
juu ya jiwe lilelile.

Kisha kutoka nyuma kabisa, mpishi wetu wa zamani,
mkongojo mkononi, akasema kwa Kiwelisi:
“Lowri ni wetu.”
Na sauti nyingine: “Darajani ndiko tunakokaa.”
Wakasogea. Kioo kikaingia ukungu wa pumzi zao.
Keki ikangoja.

Saa nane niliitwa ofisini.
Nani amegeuza ukurasa, Nesta?
Upepo, nikasema.
Sanduku lilikuwa limefungwa.
Basi upepo una ufunguo.

Hakucheka. Hakunifukuza pia.
Alivua mkufu, akauweka juu ya karatasi zake,
akauliza yule mlevi wa peni tatu alikuwa nani.
Nikamwambia hajulikani.
Kila nyumba mjini inadai ni wake.