Kisu cha Mgema

Asubuhi ya Machi, ukungu bado umeikalia Kilolo,
baba amesimama mbele ya mianzi, hajui aanzie wapi.
Mbeta saba zinamngoja. Kisu kiko mkononi.
"Hiki," ananiuliza, "ni cha nini?"

Otmari Nyaulingo,
aliyekuwa akikata ncha ya mwanzi unene wa ukucha,
asubuhi mara moja, jioni mara moja,
akisema: mwanzi ulie, usife.

Majirani walisema ni ulanzi umempanda kichwani.
Shangazi akasema mengine, kwa sauti ya chini.

Nilishuka Iringa mjini.
Daktari binti mdogo, Tulizo, kalamu nyuma ya sikio,
akanichorea juu ya bahasha ya vidonge.
Kirusi, alisema, hakiziingii seli zenyewe zinazofikiri.
Hujificha kwa walinzi wao.
Walinzi wakishtuka humwaga vimeng'enya,
vile vinavyokata protini.
Unavyo wewe, ninavyo mimi,
bila hivyo hata kidonda hakiponi.
Shida ni kipimo.

Nikasema: kama mgema aliyelewa.
Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Kwanza vinakata ua,
ule uliofumwa kati ya damu na ubongo.
Halafu vinafika kwenye vipokezi,
na hapo akachora kitasa cha ajabu
kilichozaliwa na ufunguo wake tumboni,
umekunjwa, umefunikwa na ncha.
Hakuna mwizi anayekuja na ufunguo.
Kisu kinapita, ncha inadondoka,
ufunguo unachomoza,
kitasa kinajifungua chenyewe.

Kalsiamu inaingia
kama Lukosi inavyoingia vinyunguni usiku,
na asubuhi huoni tuta wala mfereji.

Seli haifi siku hiyohiyo, alisema.
Inakunja matawi yake, moja moja.

Sikumuuliza jina langu lilikuwa tawi la ngapi.

Sasa ninamhesabia dawa mimi.
Tulichelewa kuanza; miaka minne
alificha karatasi ya kliniki ndani ya mbeta kavu,
juu darini, na mchwa wakaisoma kabla yetu.
Tulizo anasema kuna kitu kinaweza kurudi.
Hakusema kiasi gani. Sikumbana.

Wiki iliyopita alikata mianzi kumi na miwili
mpaka chini kabisa, kwa bidii, akitokwa jasho,
akaja kunionyesha kazi yake.
Nilisema ahsante. Ningesema nini?

Leo ninamshika kiwiko.
Simwelekezi. Ninashika tu.
Kisu kinatafuta ncha, kinasita, kinapita:
unene wa ukucha.
Hata sijui ni nani aliyekata,
yeye, au mkono unaokaa mbali na kichwa.

Tunangoja tone pamoja.
"Kamwene," ananisalimu, kama mpita njia.
Naitikia.
Anavuta mbeta, anaifunga kwenye mwanzi,
fundo lake lilelile la siku zote,
ambalo mimi sijawahi kulijua.